Mjomba na mwalimu: utafiti wa operesheni ni vita au ni hisabati?

Swali la msomaji: Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati. Katika kutafuta kozi ya chuo nimekutana na somo linaloitwa utafiti wa operesheni. Mwalimu wangu wa hisabati anasema ni hisabati ile ile iliyopewa jina la kujivunia. Mjomba wangu, mwanajeshi mstaafu, anasema ni elimu ya vita. Mwenzangu mmoja alidhani ni mambo ya upasuaji. Naomba kueleweshwa: somo hili ni nini hasa, lilianzaje, na lina kazi gani kwa mtu asiyekusudia kwenda jeshini?

Jibu

Ndugu msomaji, nianze na yule mwenzako wa upasuaji, kwa kuwa kosa lake lina sababu. Katika Kiswahili chetu neno operesheni lina makao mawili. Kwanza ni chumba cha upasuaji, na pili ni kazi kubwa inayoendeshwa kwa amri na kwa watu wengi, kama operesheni ya polisi, au kama Operesheni Vijiji ambayo wazee wetu waliopitia miaka ya 1970 hawajaisahau. Jina la somo lako limetoka katika makao haya ya pili, yaani operesheni za kijeshi. Wapo wanaopendelea kusema utafiti wa utendaji au utafiti wa uendeshaji, nami sina ugomvi nao, lakini nitabaki na neno operesheni kwa sababu linabeba historia ambayo bila hiyo somo lenyewe halieleweki vizuri.

Nikitakiwa kulieleza kwa sentensi moja, nitasema hivi: utafiti wa operesheni ni kuichunguza kwa vipimo na hesabu namna kazi yenye watu wengi, vifaa vingi na vikwazo vingi inavyofanyika, ili mwenye mamlaka ya kuamua ajue ni njia ipi ya kukitumia alichonacho itamletea zaidi. Maneno ya kushika hapo ni “alichonacho”. Mhandisi huuliza jinsi ya kuunda mashine bora kuliko iliyopo. Mtafiti wa operesheni huikuta mashine iliyopo, hata kama si nzuri sana, akauliza kama inatumika inavyofaa, na mara nyingi hukuta kwamba haitumiki hivyo. Mjomba wako amekieleza chanzo cha somo, mwalimu wako ameieleza sura liliyovaa baadaye, na baina ya hao wawili kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Chanzo chenyewe ni Bawdsey, jumba kubwa lililo ufukweni katika mkoa wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ambako kuanzia mwaka 1936 wanasayansi walikuwa wakitengeneza rada chini ya Robert Watson-Watt. Kifaa kilifanya kazi. Katika majaribio ya mwaka 1937 ilionekana wazi kwamba ndege zingeweza kugunduliwa zikiwa mbali baharini. Mwaka 1938, vituo vilipoongezwa na kujaribiwa kwa pamoja, likazuka tatizo ambalo halikuwa la mitambo: kituo kimoja kilitoa taarifa, cha jirani kikatoa taarifa isiyolingana nayo, na ofisa aliyekaa mbele ya ramani hakujua kama anatazama makundi mawili ya ndege au kundi moja lililohesabiwa mara mbili. Rada nzuri kiasi gani ingemsaidia mtu huyo? A. P. Rowe, msimamizi wa kituo cha Bawdsey, akapendekeza kwamba pamoja na utafiti wa mitambo uwepo utafiti wa operesheni zenyewe, yaani safari ya taarifa tangu inapoonekana kwenye kioo hadi rubani anapoambiwa aelekee wapi. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Vita vilipoanza, baadhi ya watafiti hao walihamia Stanmore, pembezoni mwa London, makao ya kikosi cha ndege za kivita kilichoongozwa na Hugh Dowding. Mwezi Mei 1940 Ufaransa ilikuwa inaelemewa na kuomba vikosi zaidi vya ndege kutoka Uingereza. Dowding aliwataka watafiti wake wahesabu ndege zinazopotea kila siku na zile zinazoletwa kuziba pengo, wakachora matokeo katika grafu, naye tarehe 15 Mei akaiweka grafu hiyo mbele ya Waziri Mkuu Churchill na baraza lake. Mstari ulikuwa unashuka kwa kasi ambayo haikuhitaji mtaalamu kuisoma. Siku chache baadaye ikaamuliwa kwamba vikosi vingine visiondoke nchini. Sitadai kwamba grafu peke yake ndiyo iliyoamua, maana siasa za siku zile zilikuwa nzito, lakini nawaambia wanafunzi wangu waikumbuke kwa jambo moja: hesabu iliyokuwa ndani yake ni ya kutoa na kujumlisha tu.

Mtu ambaye jina lake limeshikamana na somo hili kuliko wote ni Patrick Blackett, mwanafizikia aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini na kupigana katika vita vya bahari vya Jutland mwaka 1916, na ambaye mwaka 1948 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi isiyohusiana na haya tunayozungumza. Agosti 1940 aliitwa kuwasaidia wapigaji wa mizinga ya kutungulia ndege. Kundi alilolikusanya lilikuwa na wanafiziolojia, wanahisabati, mtaalamu wa fizikia ya nyota, mpima ardhi na ofisa wa jeshi, kiasi kwamba watu walilitania kwa kuliita sarakasi ya Blackett. Mchanganyiko huo ulikuwa na maana yake. Mtu aliyezoea kuuchunguza mwili wa kiumbe na mtu aliyezoea kuitazama nyota wanafanana katika jambo moja: wote wawili hukichunguza kitu ambacho hawakukiunda wala hawana uwezo wa kukibadilisha, hivyo wamejifunza kuanza kwa kutazama. Kabla yao, kuitungua ndege moja kulikadiriwa kugharimu zaidi ya risasi 20,000 za mizinga. Mwaka uliofuata idadi hiyo ilishuka hadi takriban 4,000, kwa sehemu kubwa kutokana na kupanga upya matumizi ya rada na vyombo vya kulengea ambavyo tayari vilikuwapo.

Mwaka 1941 Blackett alihamia kikosi cha pwani cha jeshi la anga, kilichowinda nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki. Hapa naomba tukae kidogo, kwani mfano huu una somo zima ndani yake. Rubani alipoiona nyambizi juu ya maji aliishambulia kwa mabomu yanayolipuka yakifika kina fulani, na kina hicho kilikuwa kimewekwa kuwa futi 100. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya maana: nyambizi nayo inaiona ndege, inapiga mbizi, na hadi bomu lifike itakuwa imekwenda chini kiasi hicho. Mwanafizikia mmoja wa kundi hilo, E. J. Williams, akaigeuza hoja hiyo. Alisema kwamba nyambizi iliyopata muda wa kufika futi 100 imepata pia muda wa kugeuka kushoto au kulia, kwa hiyo rubani hajui tena ilipo, na bomu lake litaangukia maji matupu. Nyambizi ambayo rubani anajua mahali ilipo ni ile iliyofumaniwa ikiwa bado karibu na uso wa maji, na hiyo hiyo ndiyo inayopona, kwa sababu bomu linapita pembeni yake na kwenda kulipuka chini mno. Basi kinapaswa kuchaguliwa kina kinachofaa kwa nyambizi inayoweza kupigwa, na ile isiyoweza kupigwa iachwe iende. Kina kikapunguzwa kwa hatua hadi kufika futi 25. Nyambizi zilizozamishwa ziliongezeka kwa kiasi kikubwa, hata Wajerumani waliotekwa wakadhani Waingereza wamegundua baruti mpya yenye nguvu zaidi. Baruti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namba moja kwenye kifyatulio.

Hesabu ya misafara ya meli ilihitaji jiometri ya shule tu. Wakuu wa jeshi la majini waliamini kwamba msafara mdogo ni salama zaidi. Kundi la Blackett, likiwa sasa katika makao makuu ya jeshi hilo, lilipitia kumbukumbu za misafara iliyoshambuliwa na kukuta kwamba idadi ya meli zinazozamishwa haitegemei sana ukubwa wa msafara. Sababu ni kwamba eneo linalofunikwa na meli huongezeka pamoja na idadi yao, lakini mzingo wa eneo hilo, ambao ndio unaolindwa na manowari za ulinzi, huongezeka polepole zaidi: meli zikiongezwa mara mbili, mzingo hukua kwa takriban mara 1.4 tu. Msafara mkubwa ukipoteza meli zile zile chache, sehemu iliyopotea ni ndogo, na manowari za ulinzi zinazobaki bila kazi zinaweza kwenda kulinda kwingine. Ushauri huo ulikubaliwa mwaka 1943.

Wamarekani nao walianzisha kundi lao la kupambana na nyambizi mwaka 1942, likiongozwa na Philip Morse wa chuo cha MIT. Kati ya mambo yote ambayo Morse na mwenzake George Kimball waliyaandika baadaye, mimi napenda zaidi jambo dogo lisilo na nyambizi wala ndege. Askari walikuwa wakipanga foleni ndefu baada ya kula ili waoshe vyombo vyao. Palikuwa na mapipa manne ya maji: mawili ya kuoshea na mawili ya kusuuzia. Mtafiti mmoja aliyekuwa akipita akatazama na kuona kwamba kuosha kunachukua muda mara tatu ya kusuuza. Akashauri mapipa matatu yawe ya kuoshea na moja libaki la kusuuzia, na foleni ikaisha. Hebu tutie namba zangu mwenyewe uone kwa nini. Tuseme kuosha ni sekunde 90 na kusuuza ni sekunde 30. Pipa moja la kuoshea linahudumia askari 40 kwa saa, kwa hiyo mapipa mawili yanahudumia 80, ilhali mapipa mawili ya kusuuzia yangeweza kuwahudumia 240 na kwa muda mwingi yamekaa bure. Ukigeuza pipa moja, upande wa kuosha unafika 120 na upande wa kusuuza unashuka hadi 120. Hakuna pipa lililoongezwa. Nimewahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza swali hili kabla ya kuwafundisha chochote, na wengi wao waliandika kwamba inafaa kununua pipa la tano.

Hadi hapo mjomba wako ameshinda. Sasa tumsikilize mwalimu.

Sambamba na hayo, na bila kuhusiana nayo, hisabati fulani ilikuwa inakua mahali pengine. Mwaka 1939, mjini Leningrad, Leonid Kantorovich alikuwa ameletewa swali na kiwanda cha mbao za plaiwudi: mashine nane, aina tano za malighafi, kila mashine ina kasi yake kwa kila aina, wagawanye vipi kazi ili mazao yawe mengi kabisa? Alipata njia ya kulijibu na kuona kwamba maswali mengi ya uchumi yana umbo lile lile, lakini kwa miaka mingi kazi yake haikujulikana nje ya Urusi. Mwaka 1947 George Dantzig, mwanahisabati wa jeshi la anga la Marekani, akabuni bila kujua habari za Kantorovich njia ya kujibu maswali ya umbo hilo, inayoitwa simpleksi. Katika lugha ya jeshi lile “programu” ilimaanisha ratiba ya mafunzo, vifaa na chakula, ndiyo maana mada hii inaitwa programu mstari. Haikuwa na uhusiano wowote na kuandika programu za kompyuta. Kantorovich alikuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans, na Dantzig akaachwa, jambo ambalo watu wa fani yetu wanalinung’unikia hadi leo.

Wewe mada hii umeshaikuta kidato cha nne, ulipochora mistari kwenye karatasi ya grafu na kutafuta pembe. Chukua fundi seremala mwenye mbao 60 na saa 56 za kazi kwa wiki. Kitanda kinakula mbao 6 na saa 4 na kumpa faida ya shilingi 30,000. Meza inakula mbao 3 na saa 4 na kumpa shilingi 20,000. Faida hizo zimeshatoa bei ya mbao, ila hazijatoa malipo ya kazi. Watu wengi watasema atengeneze vitanda kwa kuwa vina faida kubwa: vitanda 10, shilingi 300,000, mbao zimekwisha na saa 16 zimebaki bila kazi. Akitengeneza meza tupu atapata 14, shilingi 280,000. Pembe iliyo bora ni vitanda 6 na meza 8, shilingi 340,000, mbao na saa zote zikiisha pamoja. Shuleni huishia hapo na kupigiwa vema. Lakini endelea hatua moja: fundi akipata saa 4 zaidi, mpango bora unakuwa vitanda 5 na meza 10, shilingi 350,000. Maana yake saa moja ya nyongeza ina thamani ya shilingi 2,500, na kijana wa kumsaidia akidai 3,000 kwa saa, kumwajiri ni hasara. Akipata mbao 3 zaidi badala ya saa, mpango unakuwa vitanda 7 na meza 7, shilingi 350,000 vile vile, kwa hiyo kila ubao wa ziada unaweza kulipiwa hadi shilingi 3,333 juu ya bei ya kawaida kabla haujawa hasara. Thamani hizi zilizojificha huwa na faida kwa mwenye karakana kuliko mpango wenyewe, kwa sababu mpango utabadilika wiki ijayo, ilhali swali la kuongeza kibarua au kuongeza mbao litarudi kila wiki.

Fundi ana vitu viwili tu vya kuchagua, hivyo karatasi inatosha. Katika jaribio mojawapo la mwanzo la simpleksi, mwaka huo huo wa 1947, watu walitafuta chakula cha bei nafuu kabisa kitakachompa mtu mzima virutubisho tisa anavyohitaji, wakichagua kati ya vyakula 77. Makarani wenye mashine za kuhesabia za mkono walitumia jumla ya siku-kazi 120 na kupata dola 39.69 kwa mwaka, kwa bei za mwaka 1939. Mwanauchumi George Stigler alikuwa ameshakadiria kwa akili na majaribio, miaka miwili nyuma, akapata dola 39.93, kwa mlo wa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Tofauti ya senti 24 kwa mwaka! Simu yako ingelimaliza hesabu hiyo kabla hujaiweka mezani, lakini hakuna kompyuta itakayokuambia kama yupo mtu atakayekubali kula mlo huo mwaka mzima, na hilo ni swali la operesheni kuliko lile la kwanza.

Tawi la foleni ni la zamani kuliko vita. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuhesabu ni laini ngapi zinahitajika ili wapigaji wasisubiri mno. Kanuni moja ya tawi hili unaweza kuitumia leo jioni, nayo ilithibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa. Zahanati inayopokea wagonjwa 12 kwa saa, ambapo mgonjwa hukaa saa 3 tangu kujiandikisha hadi kupata dawa, itakuwa na watu 36 ndani kwa wastani, na kama mabenchi yanachukua 20, basi 16 wamesimama. Huhitaji kumuuliza mtu.

Kanuni ya pili ni ngumu kukubalika, hasa kwa wakubwa wa ofisi. Watu wakifika kwa kubahatisha, na muda wa kuhudumiwa nao ukitofautiana bila mpangilio, foleni haikui sambamba na kazi. Mhudumu mmoja anayeshughulika asilimia 80 ya muda wake atakuwa na wastani wa watu 4 mbele yake, ukimjumlisha anayehudumiwa. Akishughulika asilimia 90, watakuwa 9. Asilimia 95, watakuwa 19. Meneja anayeona karani amekaa dakika chache bila mteja na kumpa kazi nyingine “asikae bure” huwa amenunua foleni ndefu kwa bei ya dakika hizo.

Baada ya vita wataalamu hawa walirudi uraiani na njia zao. Uingereza ilikuwa imetaifisha makaa ya mawe, na viwanda vya makaa na chuma vikawa miongoni mwa waajiri wao wa kwanza. Mwaka 1948 wakaunda klabu, mwaka 1950 jarida, na mwaka 1953 klabu ikawa chama kamili. Marekani chama chao kilianzishwa mwaka 1952, na shirikisho la kimataifa likafuata mwaka 1959. Kompyuta zilipoenea, mahesabu ya siku 120 yakawa ya dakika, na viwanda vya kusafishia mafuta, mashirika ya ndege na reli vikajaa watu wenye shahada za somo hili. Hapo ndipo mwalimu wako alipopata ushahidi wake. Vyuo vilifundisha hisabati kwa kuwa hisabati hufundishika darasani na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, ilhali ule utazamaji wa Williams na wa yule mtu wa mapipa haufundishiki hivyo. Mwaka 1979 Russell Ackoff, mmoja wa waasisi wa somo hili huko Marekani, aliwakaripia wenzake hadharani kwamba wamekuwa mafundi wa kutatua maswali yasiyoulizwa na mtu, wakiziboresha modeli, yaani picha za kihesabu za kazi, huku mameneja wakiwa wamekwisha kuacha kuwasikiliza. Mimi namuunga mkono kwa sehemu kubwa, na nina sababu yangu ya aibu.

Nilipokuwa kijana nilipewa kazi na ghala moja ambalo sitalitaja, lililolalamika kwamba malori yake yanachelewa kutoka. Nilikaa ofisini wiki tatu nikaunda modeli ya kupanga njia, yenye vikwazo zaidi ya mia mbili, na kompyuta ikanipa mpango uliopunguza kilomita kwa kiasi cha kuridhisha. Niliuwasilisha, nikapongezwa, na mwezi uliofuata malori yakawa yanachelewa vile vile. Mzee mmoja, dereva, ndiye aliyenichukua kando akaniambia, “Mwalimu, wewe ulihesabu barabara. Sisi hatuchelewi barabarani, tunachelewa getini.” Hati ya kutokea ilihitaji mhuri, mhuri ulikuwa kwenye mtoto wa meza wa karani mmoja, na karani huyo alifika saa mbili na nusu asubuhi ilhali malori yalikuwa yamepakiwa tangu saa kumi na mbili. Tukautoa mhuri kwenye mtoto wa meza. Ile modeli bado ninayo, na hesabu yake haina kosa hata moja.

Hapa nyumbani tunalo pia tukio la kupima gharama ya kutotazama, ingawa si tukio la somo letu. Waingereza wale wale waliojifunza wakati wa vita kumtuma mtu akaone kwanza, walikuja Tanganyika mara tu baada ya vita na mradi wa karanga wa Kongwa. Ujumbe wa uchunguzi ulizunguka kwa wiki chache mwaka 1946, matrekta na vifaru vilivyogeuzwa matrekta vikafuata, na ndipo ilipofahamika jinsi udongo wa pale unavyokauka na kuwa mgumu kama sakafu, na jinsi mvua ilivyo haba. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36.

Kwa upande mwingine, ukienda kwenye afya utasikia jina la somo lako likitumika kwa maana iliyo karibu sana na ile ya Bawdsey. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania, ukishirikiana na Dkt. Karel Styblo, ulijenga utaratibu wa kuwaandikisha wagonjwa, kuwafuatilia kila robo mwaka na kuhesabu waliopona, waliofariki na waliotoroka dawa. Swali la aina ile, yaani kwa nini dawa iliyopo haimfikii mgonjwa hadi apone, hutafitiwa na wauguzi na waganga wa wilaya wenye daftari na asilimia, bila simpleksi yoyote, na utaratibu uliokomaa hapa ulichangia sana mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya 1990. Kwenye vyuo, somo liko zaidi katika idara za hisabati, biashara na uhandisi, na wahadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na kwingineko wana jumuiya yao ya Afrika Mashariki, ORSEA, wanakokutana kusomeana kazi zao.

Kuhusu kozi, mchepuo wako unatosha. Utakayohitaji kuyakazia ni takwimu na nadharia ya uwezekano, ambayo huwasumbua wanafunzi kuliko programu mstari, pamoja na matriki na uandishi wa programu za kompyuta kwa kiwango cha kati. Ukipewa nafasi ya mafunzo kwa vitendo, chagua mahali penye mzigo unaohama au watu wanaosubiri, kama bandari, hospitali, stendi au kiwanda, kuliko ofisi yenye viyoyozi na jedwali. Na kwa kuwa una miezi kadhaa kabla ya chuo kufunguliwa, chukua daftari na saa, nenda kituo cha daladala asubuhi mbili tatu, uandike dakika ambayo kila gari linafika. Ukikuta magari yanapishana mara dakika 5, mara dakika 15, wastani wake ni dakika 10 na mtu angetarajia abiria asubiri dakika 5. Piga hesabu utakuta anasubiri dakika 6 na robo. Jaribu kuipata sababu mwenyewe kabla ya kumuuliza mwalimu, kisha mpelekee na umwambie imetoka kituoni.